Zawadi Inayompa Kijana Kazi

Pasaka ikishapita na parokia zikaanza kutangaza tarehe ya Askofu, simu yangu hubeba swali moja. Huuliza ndugu, majirani, wanajumuiya wenzangu, hata watu niliosoma nao zamani: mtoto wa fulani anapata Kipaimara, nimpe nini? Wengi hupiga wakiwa wameshafika dukani. Wamesimama mbele ya kabati la vioo lenye rozari zinazong'aa, sanamu za plasta na saa za ukutani zenye picha ya Bikira Maria, wanataka jibu kabla muuzaji hajafunga. Nami huwauliza: kesho yake asubuhi, sherehe ikishakwisha, ungependa kijana huyo aamke na kazi gani?

Swali hilo nilirithishwa na mjane mmoja wa Umatengo.

Nilipata Kipaimara mwaka 1984, nikiwa na miaka 14, katika parokia ya milimani wilayani Mbinga. Jimbo la Mbinga lilikuwa bado halijaundwa. Tulikuwa chini ya Songea, nchi ya Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka uliofuata. Parokia yetu ilikuwa na vigango vingi, vingine mwendo wa nusu siku kwa miguu, na Askofu hakufika kila mwaka. Akija, waimarishwa walikuwa umati. Tulipangwa mistari mirefu kutoka mlangoni mwa kanisa hadi chini ya mikaratusi, kila mmoja na msimamizi wake nyuma yake. Tulikuwa tumekariri maswali na majibu ya katekisimu mpaka usiku tukiyaota, kwa hofu kwamba Askofu angetuuliza mbele ya watu.

Kilikuwa kipindi cha shida. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, lakini miaka mitano baadaye maduka bado yalikuwa matupu. Sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa foleni, kwa magendo, au kwa kujuana. Shangazi yangu aliniletea kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Mjomba, aliyekuwa na kahawa yake, alinipa kitambaa cha gauni. Baba alichinja jogoo. Nazikumbuka zawadi zote hizo mpaka leo, na siwezi kuvumilia mtu anayebeza zawadi ndogo. Shangazi alinipa sabuni ambayo nyumbani kwake haikuwepo.

Mama msimamizi wangu hakuwa na sabuni wala kitambaa. Alilima mahindi na maharage kwenye ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ambayo kwayo Wamatengo huulinda udongo wao usiteremke na mvua. Yeye aliimarishwa enzi za Misa ya Kilatini, Askofu alipokuwa bado akimpiga mwimarishwa kofi jepesi shavuni, ili ajue kwamba kumfuata Kristo kuna maumivu yake. Kofi hilo liliachwa katika utaratibu mpya uliotolewa mwaka 1971, enzi za Papa Paulo VI, kwa hiyo mimi sikupigwa. Nilipofika mbele ya Askofu niliusikia mkono wa kulia wa mama yule begani mwangu, mzito na mkavu kwa jembe, na nikasikia harufu ya Krisma iliyopakwa kwenye paji la uso wangu, mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na manukato ambayo Askofu huyabariki mara moja kwa mwaka kwa ajili ya jimbo zima.

Baada ya Misa aliniita pembeni. Alitoa kwenye kikapu kitabu chake mwenyewe cha sala, kimevalishwa jalada la kaniki alilolishona kwa mkono. Kwenye kurasa tupu za mwisho, katekista alikuwa amemwandikia majina, moja chini ya jingine, kwa wino wa bluu.

"Hawa ni marehemu wa kigango chetu wasio na wa kuwaombea," aliniambia. "Nimewaombea peke yangu tangu mume wangu alipofariki. Sasa umeimarishwa, mwanangu. Ninyi mmesamehewa kofi, basi chukueni kazi."

Sikuielewa zawadi ile siku hiyo. Nilitamani kitambaa cha mjomba zaidi. Lakini kuombea majina bila kuwajua wenye majina ni kazi ngumu kwa mtoto, kwa hiyo nilianza kuuliza. Huyu nani? Huyu alifariki vipi? Nikaambiwa juu ya mwanamke aliyefariki akijifungua, na mtoto akamfuata, na mume akahama kwa huzuni asirudi tena. Nikaambiwa juu ya mzee aliyekuwa akipiga kengele ya kigango kabla kigango hakijapata kengele, akigonga kipande cha reli kilicholetwa na nani hakuna aliyejua. Jina moja lilikuwa la mwanamume aliyekwenda Tanga kukata mkonge, manamba, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kusini wakati wa wakoloni, na habari iliyorudi ilikuwa moja tu, kwamba amefariki. Mama yake alikuwa amemwombea mpaka naye akafa, kisha mjane wangu akalichukua jina. Shuleni tulifundishwa habari za mkonge kama zao la biashara. Kwenye kitabu cha sala niliwajua watu walioukata.

Kila Novemba, mwezi wa marehemu, nayasoma majina yale. Nimeongeza mengine, la mama yule likiwamo.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao wengine huuona mkali. Zawadi ya Kipaimara ipimwe kwa kazi inayompa kijana. Ubatizo alipewa akiwa mchanga, wengine wakajibu kwa niaba yake. Komunyo ya Kwanza aliipokea akiwa mtoto, na zawadi za Komunyo ya Kwanza zinaweza kuwa za kitoto, gauni jeupe, picha, peremende. Kipaimara kinakuja kijana akiwa na miaka 13, 14 au 16, ndevu zinaota, anaanza kujifungia chumbani, anapima kila kitu anachoambiwa na wakubwa. Kanisa linamwambia katika umri huo kwamba amepewa Roho yuleyule aliyewatoa mitume katika chumba walichojifungia na kuwasimamisha barabarani mbele ya umati wa Yerusalemu. Kisha tunamkabidhi saa ya ukutani.

Mapadre wengi wanasikitika kwamba Kipaimara kimegeuka kuwa sakramenti ya kuagia, na Papa Fransisko alilalamikia jambo hilo zaidi ya mara moja. Kijana anaimarishwa, anapigwa picha na Askofu, anapokea bahasha, na Jumapili inayofuata haonekani. Lawama huwaangukia vijana, mimi sikubaliani. Mtoto aliyesoma mafundisho miaka miwili, akatunzwa kama aliyemaliza shule, atajua kwamba amemaliza. Zawadi zetu ndizo zinazomwambia hivyo. Tumempa za kumhitimisha.

Mtoto wa dada yangu aliimarishwa Dar es Salaam miaka kadhaa iliyopita, akiwa kidato cha pili. Msimamizi wake alikuwa mwanamume wa jumuiya yao, mtu mzima na mwimarishwa, kama sheria ya Kanisa inavyotaka. Mimi nilikuwa mtoa zawadi tu, mama mdogo kutoka Songea. Dada aliniambia kijana anataka simu. Nilipofika nilikaa naye barazani, nikamuuliza wanafundishwa nini. Akanitajia mapaji saba ya Roho Mtakatifu kwa pumzi moja, kama anavyotaja mtu aliyekariri: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Nikamwambia, "Katika hayo saba, wewe umekosa lipi?" Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Nguvu, mama mdogo. Naogopa kusema mbele za watu. Darasani nikiambiwa nisome kwa sauti, maneno yanakwama."

Hilo ndilo lililonichagulia zawadi. Nilimnunulia Misale ya Waumini, ile nene yenye masomo ya Dominika na sala za Misa, nikamfungia karatasi safi. Misale peke yake ingeweza kukaa kabatini miaka kumi. Kwa hiyo kabla ya sherehe nilikwenda na msimamizi wake kwa mzee mmoja wa jumuiya ile ambaye macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Alikuwa msomaji maisha yake yote, sasa alikuwa anasubiri wajukuu wapate nafasi ya kumsomea. Tulimwomba kibali. Siku ya Kipaimara, mbele ya msimamizi, nilimkabidhi kijana Misale na kumwambia kwamba kila Jumamosi jioni kuna mtu anamngoja amsomee masomo ya kesho yake.

Jumamosi za mwanzo, dada aliniambia, alikwenda kwa kusukumwa. Mzee hakuwa mpole. Alisoma Pugu, katika miaka ya hamsini ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha pale kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, na alikuwa amebaki na ukali wa shule zile. Kijana akiruka nukta, anarudishwa. Akimeza silabi ya mwisho, anarudishwa. Akisoma waraka wa Mtakatifu Paulo bila kuelewa sentensi imeanzia wapi, mzee anamwambia afunge kitabu na aeleze kwanza Paulo anagombana na nani. Hakuna mwalimu wa darasani mwenye watoto 60 angeweza kumpa saa moja ya namna ile. Baada ya muda nilisikia kwamba haendi tena kwa kusukumwa, na kwamba Misale imeanza kuchakaa pembeni, habari iliyonifurahisha kuliko nyingine yoyote ya mwaka ule. Leo ni msomaji parokiani kwao. Mzee alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa jicho na kuona tena kwa muda, na kijana ndiye aliyesoma somo la kwanza katika Misa ya mazishi, mbele ya kanisa lililojaa.

Simu alinunuliwa na baba yake. Sina ugomvi nayo. Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitumia kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka katika tovuti, na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu. Kifaa kinaweza kuwa chombo cha utume, kijana akijua anakitumia kwa kazi gani. Simu inayotolewa kwa sababu wenzake wote wanazo haina cha kumwambia kuhusu Roho Mtakatifu.

Binti wa kaka yangu alikuwa tofauti kabisa, mwenye maneno mengi, asiyeogopa mtu. Yeye nilimsimamia mwenyewe. Alipoambiwa achague jina la Kipaimara alimchagua Bakhita, kwa sababu picha yake ilikuwa ukutani kwenye chumba cha mafundisho na alipenda alivyotabasamu. Nikaona kwamba jina limeshachaguliwa, lakini mwenye jina hajajulikana. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur mnamo 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa kwa mabwana waliompiga na kumchora mwili kwa visu. Alipelekwa Italia, na huko mahakama ya Venezia ikatamka mwezi Novemba 1889 kwamba yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea siku moja Ubatizo, Kipaimara na Komunyo. Mtu aliyepimwa na kununuliwa sokoni alipakwa Krisma ileile anayopakwa mtoto wa mfalme. Akawa mtawa, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu.

Kumweleza binti wa miaka 15 mambo haya sebuleni hakutoshi. Zawadi yangu kwake ikawa safari ya Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, mimi na yeye tu, kabla ya siku ya Kipaimara. Wamisionari waliofungua misheni pale mwaka 1868 ni wa Shirika la Roho Mtakatifu, na nilitaka mtu anayekwenda kupokea mapaji ya Roho Mtakatifu aone kazi iliyofanywa kwa jina hilo kwenye pwani yetu. Tuliliona kanisa la kwanza, dogo, la mwaka 1872. Tulisimama chini ya mbuyu mkubwa. Tuliingia kwenye makumbusho, tukaona minyororo.

Hapo ndipo aliponiuliza, "Shangazi, kwa hiyo mapadre nao walinunua watu?"

Nilimjibu ndiyo. Walinunua watoto katika soko la Zanzibar kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873, wakawaleta Bagamoyo wakiwa wamekombolewa, na sehemu ya fedha ilitoka katika michango ya watoto wa Ulaya kupitia Utoto Mtakatifu, chama kilekile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akivaa skafu yake parokiani alipokuwa mdogo. Nikamwambia pia yasiyo mepesi: kwamba watoto wale hawakuulizwa wanataka nini, kwamba maisha yao yalipangwa kwa kengele, kazi za shamba na sala, na kwamba wengi wao hawakurudi kamwe kwao walikotoka. Nisingemficha. Kijana anayefichwa mambo mazito ya Kanisa lake atayakuta siku nyingine, mbele ya mtu asiyelipenda Kanisa, na atajiona amedanganywa na waliomlea.

Tuliporudi kwenye gari alikuwa kimya. Tulipofika karibu na Bunju akasema kwamba nyumbani kwa jirani yao kuna msichana wa kazi, wa umri wake, aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa ushonaji, na sasa ni mwaka wa pili hajaiona cherehani wala hajapata Jumapili ya kwenda Misa. Alikuwa akimwona kila siku akianika nguo. Nikamwambia kwamba kazi yake ya Kipaimara ameshaipata mwenyewe, mimi sina la kuongeza.

Hatukufanya maajabu. Mama wa nyumba ile aliendewa kwa heshima, na mama yake binti pamoja na mwenyekiti wa jumuiya, na hakugombezwa. Akakubali msichana ahudhurie Misa ya kwanza, ya saa 12 asubuhi, kabla kazi za nyumba hazijaanza. Binti wa kaka alikuwa akiamka gizani kumpitia. Suala la cherehani lilichukua muda mrefu zaidi na maneno mengi zaidi, na msichana aliishia kwenda kwa ndugu zake wengine, ambako alijifunza. Kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, ambayo Kanisa limeifanya pia siku ya kuwaombea wanaosafirishwa na kuuzwa, binti huyo huwasimulia watoto wa Utoto Mtakatifu habari za Bakhita, na sasa anasimulia na Bagamoyo.

Kwa wanaoniuliza vitu vya kununua, nina machache ya kusema. Rozari ni zawadi njema, lakini nunua ya uzi imara na shanga za mbao. Zile za mnyororo mwembamba unaong'aa hukatika wiki ya kwanza, nazo zina shanga 59 za kutawanyika chini ya vitanda vya bweni. Mpelekee padre aibariki kabla hujaifunga, na kaa na kijana mkasali pamoja hata kumi moja, maana wapo wanaopewa rozari na hawajui matendo ya mwanga yanasaliwa siku gani. Biblia iwe na vitabu vyote 73. Chungulia kwenye orodha uone kama Tobiti na Wamakabayo wamo, kwa sababu wauzaji wengine hawajali tofauti. Iwe ndogo ya kuingia kwenye begi la shule. Ile kubwa ya jalada la dhahabu itawekwa kabatini karibu na vyombo vya wageni, na huko ndiko itakakozeekea.

Fedha si zawadi ya aibu. Kijana yatima anayekwenda bweni mwezi ujao bila viatu hahitaji msalaba wa ukutani kutoka kwako, anahitaji viatu, godoro na daftari, na ukimpa hivyo umempa njia ya kuitimiza kazi yake. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, Simoni yule mchawi wa Samaria aliwaona Petro na Yohane wakiwawekea watu mikono, akatoa fedha ili naye auziwe uwezo huo, akakemewa vikali. Petro hakukemea fedha. Alikemea wazo kwamba kuna kiasi ambacho ukikitoa Roho atakuwa wako.

Nalitaja hilo kwa sababu ya sherehe. Napenda sherehe, napenda vigelegele na pilau na kwaya ya vijana ikiimba uani. Sakramenti ni furaha na furaha inataka chakula. Lakini nimemsikia mzazi akimwomba katekista amwahirishe mwanawe mwaka mzima, kwa sababu hajapata fedha za ukumbi, mshereheshaji na keki. Mtoto yuko tayari, Askofu yuko tayari, Roho Mtakatifu yuko tayari, keki haiko tayari. Jambo hilo linaniumiza. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele tangu miaka ya sabini, ziliwekwa ili familia zibebane, na hapa ndipo pa kubebana. Katika jumuiya yetu ya Songea tulikubaliana waimarishwa wote wafanyiwe sherehe moja uwanjani, kila familia ije na sufuria yake, na hakuna mtoto atakayekaa meza ya juu peke yake. Zawadi za mtu mmoja mmoja zinatolewa nyumbani, bila kipaza sauti. Kuna waliolalamika. Hakuna aliyeahirishwa tangu wakati huo.

Mwaka huu zamu imerudi Umatengo. Mtoto wa binamu yangu, mwenye miaka 16, ataimarishwa parokiani kwetu kulekule, na ukoo umekubali kuchanga. Wapo waliopendekeza suti, wapo waliopendekeza kuku wa mayai. Nilimpigia katekista kwanza. Ameniambia kwamba kijana huyo ndiye anayemsaidia Jumapili ambazo padre hafiki, anaongoza nyimbo na kusoma somo, na kwamba kuna kigango cha ng'ambo ya bonde ambacho mara nyingi kinakosa ibada, kwa sababu yeye katekista ana goti bovu na hakuna mwingine wa kupanda mlima ule. Kijana amesema atakwenda, akipata usafiri. Kwa hiyo tunanunua baiskeli, imara, yenye gia na keria ya nyuma ya kubebea vitabu vya nyimbo. Mjomba wake anayeishi Mbinga mjini ataichagua, maana anazijua. Bado hatujaelewana nani atalipia pampu, taa na tyubu za akiba. Mimi nimesema nitachukua tyubu.